Mwaka wa Kupima Miguu

Mzee Gurdev alichomwa siku ya Jumanne, kama ilivyo desturi ya Kalasinga, na Jumapili iliyofuata tukaitwa Kitale kula chakula cha kumuaga kwenye hekalu lao. Nilitoka Bungoma asubuhi na ndugu yangu Wafula, yeye akiendesha gari polepole kama mwalimu wa siku nyingi alivyo, mimi nimepakata mkungu mdogo wa ndizi ambao mkewe alikataa katakata tuondoke bila. Tulivua viatu mlangoni, tukapewa vitambaa vya rangi ya chungwa tujifunike vichwa, tukaketi chini kwenye zulia, mstari wa wageni umeelekeana na mstari mwingine, na kijana mwenye kilemba akapita na ndoo ya dengu akichota kwa upawa. Tangu nilipopigiwa simu nilikuwa nikingoja kulia, jinsi mtu anavyongoja chafya, na haikuja. Mzee mmoja alishika kipaza sauti akasema marehemu aliwapa vijana wa sehemu hizi nafasi, wote bila ubaguzi, na watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu mwenyewe. Ni mirefu, kidole cha pili kimepita kidole gumba, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliipima kwa jicho kama nilivyokuwa nikipima ya wengine.

Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu, themanini na nane. Kabla yake nilikuwa mwanafunzi, baada yake nikawa mke wa mtu na muuzaji wa mbegu, na hayo hayana ajabu. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama za kunifikisha kwenye kaunta na si mbali zaidi, na Bwana Gurdev, kama tulivyomwita wakati huo, akaniajiri katika duka lake la vifaa vya michezo. Lilikuwa duka refu na jembamba, lenye harufu ya ngozi mpya na ya mafuta aliyopaka fimbo za hoki, na mipira ilining'inia ndani ya nyavu juu ya vichwa vyetu. Kazi yangu hasa ilikuwa kupima miguu. Shule za mbali, za Malakisi na Sirisia na kule juu mlimani, hazikuweza kuleta timu nzima mjini kujaribu viatu, kwa hiyo mwalimu wa michezo alimsimamisha kila mwanafunzi juu ya kipande cha katoni, akachora ukingo wa mguu kwa makaa, akaandika jina katikati, kisha akafunga katoni zote kwa kamba ya katani na kumpa yeyote anayekuja Kitale. Mimi nilikata ile michoro kwa mkasi, nikailaza kwenye kipimo cha mbao, nikaandika namba, na baada ya namba neno moja: pana au nyembamba. Nilijua miguu ya wavulana wa wilaya mbili ambao sura zao sikuwahi kuziona. Katoni za wasichana zilikuja mara mbili mwaka mzima, zote kutoka shule moja ya watawa. Walimu wengine waliona wasichana wanaweza kukimbia pekupeku, na mimi pia niliona hivyo, kwa sababu hakuna aliyeniambia vingine.

Saa saba tulikula chumba cha nyuma. Mke wa Bwana Gurdev alileta chapati zilizofungwa kwa kitambaa, dengu, na achari ya maembe iliyonitoa machozi wiki ya kwanza na wiki ya pili nikaanza kuiota. Bwana Gurdev mwenyewe aliketi kwenye kreti chini ya ramani ya dunia, redio magotini, na tukisha kula alianza swali lake. Alizaliwa Kitale, India alifika mara moja tu, akaugua tumbo na kurudi, lakini swali hilo alilibeba kama ugonjwa wa ukoo. Kwa nini nchi yenye watu wengi namna ile haishindi kitu. Ujanani alicheza hoki, enzi ambazo India ikiingia uwanjani wengine waligombea nafasi ya pili, na sasa hata hoki imewaponyoka. "Nekesa, angalia," aliniambia, akigonga ramani kwa kisu cha achari. "Watu mingi hivi. Kila mtu akitema mate, mto inajaa. Lakini medali iko wapi?" Mimi nilitafuna. Sikuwa na maoni juu ya India.

Wageni wake ndio waliokuwa na maoni. Muuza dawa wa jirani alisema ni chakula, dengu kila siku haiwezi kujenga paja. Fundi wa cherehani alisema ni wazazi, kila mtoto anataka kuwa daktari, na anayekimbia anaulizwa anakimbilia wapi. Mwalimu mmoja alileta habari kwamba Wazungu wameanza kucheza hoki juu ya nyasi za plastiki na India haina pesa za kuzitandika, na hilo lilimliwaza Bwana Gurdev kwa siku tatu nzima. Kisha akaligeuza swali kwetu. Bungoma yote imejaa watu, alisema, hata mbuzi hawana pa kupita, mbona wanaoitwa kwenda Olimpiki wanatoka kwenye milima ileile michache ng'ambo ya mji? Siku moja alichukua kalenda na kugundua kitu kilichomfurahisha kuliko nyasi za plastiki. Sisi Wabukusu hutahiri wavulana wetu mwezi wa Agosti, kila baada ya miaka miwili, miaka ya shufwa. Olimpiki nazo huja miaka ya shufwa. "Kila Olimpiki ikifika," alisema, "nyinyi mko kwa mto mnakata watoto." Alicheka mpaka kilemba kikalegea, na mimi nikacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Wakati huo hatukujua tulikuwa tukicheka nini.

Ndugu yangu Wafula alikuwa na miaka kumi na sita na alikaa nami mtaa wa Tuwan, katika chumba cha mabati ambacho tulikigawa kwa pazia, kitanda upande wangu na godoro upande wake. Alisoma shule ya kutwa pale mjini, na kila Jumamosi alichezea timu ya hoki ya Bwana Gurdev. Wachezaji wengine walikuwa na nguvu. Wafula alikuwa na kifundo cha mkono ambacho Bwana Gurdev alisema hajakiona tangu ujana wake. Aliusimamisha mpira uliokuja kwa kasi kama mtu anayempokea mtoto aliyelala. Jirani yetu, mama mmoja aliyeuza samaki wa kukaanga, alizoea kuniambia kupitia ukuta kwamba ndugu yangu atapanda ndege, na mimi nilijibu kwamba kwanza afue soksi zake. Lakini nilijua ni kweli. Timu ya taifa ya vijana ilikuwa ichaguliwe Nairobi, kambi ifunguliwe Desemba, na Bwana Gurdev alikuwa amekwisha kupeleka jina.

Shida ilikuwa Agosti. Wafula alipaswa kutahiriwa mwaka wa themanini na sita, akashikwa na malaria wiki ileile, na rika lake likaenda bila yeye. Mvulana wa Kibukusu aliyebaki nyuma hivyo hana raha. Watoto aliokuwa akiwachunga wanamwita mwenzao. Baba alikuja Kitale mwezi wa Juni, kavaa koti lake la kanisani, na akazungumza na Bwana Gurdev chumba cha nyuma huku mimi nikikata katoni upande wa pili wa mlango uliokuwa wazi. Nilisikia vijiko kwanza, muda mrefu. Kisha baba akaeleza kwamba mtoto akitahiriwa Agosti, Desemba atakuwa amepona na kusahau. Bwana Gurdev akauliza, na je, wale wa Nairobi wakibadilisha tarehe, maana wana mazoea? Baba alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu.

"Wakibadilisha mapema, nitamrudisha nyumbani angoje miaka miwili tena, nimeshakuambia na ni neno langu," alisema. "Lakini akishavishwa nyama kwa mjomba wake, Bwana Gurdev, hata ukija na askari hatoki."

Nieleze nyama hiyo. Siku moja kabla ya kisu, mvulana huenda kwa kaka wa mama yake, tunayemwita khocha, na khocha humchinjia ng'ombe, akakata ukanda wa nyama ya kifua na kumvisha shingoni mbele ya watu. Mvulana hurudi nayo kwao akiimba, na alfajiri, akishapakwa tope mtoni, anasimama mbele ya mtahiri. Kabla ya nyama kuna njia ya kurudi, ingawa ya aibu. Baada yake hakuna. Wanaume wale wawili walipeana mikono juu ya hilo, na Bwana Gurdev akampa baba firimbi ya chuma ambayo baba hakuwa na kazi nayo.

Na sasa niseme juu ya mbio zangu, kwa kuwa hakuna aliyesema wakati ule. Maji ya Tuwan yalikuja kwa kuchelewa asubuhi, na nilikimbia kutoka bombani hadi dukani ili nifungue kwa wakati. Bwana Gurdev alinituma posta, alinituma kwa fundi, alinituma stesheni ya reli kuuliza mzigo, na nilikwenda mbio na kurudi mbio kwa sababu kutembea kulinichosha zaidi. Aliwaambia wageni wake, "Huyu Nekesa nikimtuma posta, anarudi chai bado ya moto." Aliwaambia mara nyingi, akinionyesha kwa kidole. Ilikuwa sifa ya mfanyakazi mzuri, nami niliipokea hivyo, nikarudi kwenye katoni zangu.

Simu ililia Ijumaa asubuhi, mwezi wa Agosti. Wafula alikuwa amekwenda nyumbani Sirisia wiki mbili kabla, akizunguka na njuga mikononi kualika jamaa, na kisu kilikuwa cha Jumamosi alfajiri. Nilimwona Bwana Gurdev akisikiliza, akaweka simu, akasimama. Kambi ilikuwa imesogezwa mbele. Ingefunguliwa Jumatatu, siku tatu zijazo, na asiyefika asijisumbue tena. Aliandika barua kwa haraka, akamwandikia baba kwa adabu kwamba tarehe imebadilika na kwamba anamkumbusha neno lao. Nilimuuliza mbona asiende mwenyewe. Alisema, "Mimi nikienda leo, wataona Mhindi amekuja kuiba mtoto. Wewe ni wa kwao." Akanitafutia nafasi katika lori la unga lililokuwa likielekea Chwele na Sirisia, akamwambia dereva asisimame njiani kwa chochote. Nilipopanda alinishika kiwiko na kuniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia, kwamba ananitegemea.

Nilifika nyumbani nikiwa mweupe kwa unga. Mama alikuwa uani na wanawake wengine, masufuria kila mahali, wakinisalimu bila kuinua macho. Aliniambia Wafula ameenda kwa khocha Malakisi tangu asubuhi, na kwamba baba amefuata na baiskeli, basi nitie mkono kwenye mtama. Nikauliza nyama inavishwa saa ngapi. "Khocha wako anangoja ledio kwanza," alisema mama, na wanawake wakacheka. Khocha alikuwa amepeleka kadi ya salamu kwenye redio, ile programu ya salamu za wasikilizaji inayofuata habari ya saa saba na kuendelea hadi saa nane, na alikuwa ameapa hatamchinja ng'ombe mpaka asikie jina lake. Wakati huohuo, ndani ya nyumba yetu, redio ikatoa ule mlio wake wa kutaja saa na msomaji akaanza habari. Saa saba kamili. Toka Sirisia hadi kwa khocha, kwa njia ya mguu, ni kilomita kumi na kitu, na mtu wa kawaida anakwenda saa mbili na nusu. Nilivua ndala, nikazishika mkononi, nikaondoka.

Mengi ya mwaka ule nayakumbuka kwa kichwa tu, lakini mbio hizo nazikumbuka kwa mwili. Njia inateremka kwanza kati ya mashamba ya mahindi, yakiwa yamekauka na kupiga kelele, kisha inavuka kijito ambacho nilikiruka bila kupunguza, kisha inapanda. Mahali fulani kwenye mpando nilizitupa zile ndala. Nilifikiri nitachoka kileleni, na kileleni nikaona sijachoka, nikaongeza. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka na majembe yao na kuuliza ni nani aliyekufa. Nilipoanza kuona vibanda vya kukaushia tumbaku nilijua nimefika Malakisi, na nilijua pia kwamba nina furaha, furaha kubwa kabisa isiyohusu barua wala Wafula. Miguu ilikuwa ikifanya kile ilichoumbiwa na mimi nilikuwa nimebebwa juu yake. Sijawahi kukimbia hivyo tena.

Niliingia kwa khocha wakati kadi ikisomwa. Boma zima lilikuwa limenyamaza kuzunguka redio iliyowekwa juu ya kinu, ng'ombe amefungwa pembeni, na mtangazaji alikuwa akitaja majina ya watu wa khocha, mmoja baada ya mwingine, hadi alipomaliza na uwanja ukalipuka. Khocha alikumbatiwa kama mtu aliyerudi vitani. Nilisimama langoni, kifua kikipanda na kushuka, miguu ikitoka damu kidogo, barua ndani ya blauzi, na nilingoja. Baba aliniona, akanipungia mkono, akaendelea kumpongeza khocha. Shangazi zangu waliniona. Niliwaza, sasa mmoja wao ataniuliza nimefikaje. Saa saba nilikuwa Sirisia na salamu hazijaisha; mtu yeyote mwenye akili ataniuliza nimefikaje. Mke wa khocha alinijia, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipa karai la matumbo ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi kwa ajili ya wageni. "Vizuri umekuja," alisema, "hawa wasichana wengine ni wavivu. Osha hayo."

Nililipokea. Nilipita nalo karibu na Wafula, aliyekuwa amesimama peke yake na njuga zake, uso umepakwa unga, na yeye ndiye pekee aliyezungumza nami.

"Dada, kuna neno?"

"Hakuna," nikasema. "Nimekuja tu kuona."

Nimejitafutia sababu kwa miaka mingi na kila moja imekuwa nzuri kuliko kweli. Nimejiambia nilimwonea huruma, kwamba angechekwa miaka miwili zaidi. Nimejiambia niliiogopa aibu ya baba mbele ya wakwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa baridi, ikaanzia kwenye vidole vilivyoshika karai na kupanda, na ilipofika kifuani sikuhisi chochote tena. Niliosha matumbo. Niliwaona wakimwangusha ng'ombe, nikamwona khocha akikata ule ukanda na kumvisha Wafula shingoni, nyama mbichi ikimtiririkia tumboni, na watu wakaimba. Mimi nilikuwa jikoni, nikaisukuma barua ndani ya moto chini ya sufuria. Ilikuwa karatasi nene ya dukani, ikachukua muda kushika.

Alfajiri wanawake hubaki nyumbani. Tulikaa tukisikiliza wimbo ukitoka mtoni, ukikaribia, kisha kimya, kisha firimbi ya kusema imekwisha. Ilikuwa firimbi ya chuma ya Bwana Gurdev, baba aliibeba. Walisema Wafula alisimama kama nguzo, hata kope hazikucheza. Mama alianguka chini kwa shangwe. Mimi nilipiga vigelegele pamoja na wengine, vikatoka sawasawa, na ndani hamkuwa na mtu.

Jumatatu nilifungua duka kama kawaida. Bwana Gurdev alikuja mapema, akasimama upande wa wateja wa kaunta yake mwenyewe, na akaniuliza. Nilimwambia nilichelewa, nilikuta nyama iko shingoni. Aliuliza lori lilifika Sirisia saa ngapi na nikamwambia kweli, kabla kidogo ya saa saba. Nilimwona akihesabu, akitazama juu kwenye mipira. Nilifikiri, huyu anajua posta iko mbali kiasi gani na chai inachukua muda gani kupoa. Huyu atajua. Nilikuwa tayari. Angeniuliza mara ya pili ningemwambia yote, pale pale, na labda ningelia na mwaka wangu ungekuwa mwingine.

"Sirisia mpaka Malakisi," alisema mwishowe. "Ndiyo. Hiyo ni mbali sana kwa msichana. Si makosa yako, Nekesa."

Akaenda nyuma mwenyewe kunitengenezea chai.

Septemba Olimpiki ikaja. Muuza dawa alileta televisheni yake ndogo, tukaiweka juu ya kreti chini ya ramani, na chumba cha nyuma kikajaa watu waliokaa hata sakafuni wakila chapati. Vijana wa milima ileile ya ng'ambo walikimbia na kushinda, wimbo wa taifa ukapigwa, mama wa samaki akaimba akiwa amesimama. India ikarudi mikono mitupu. Bwana Gurdev alizima televisheni na kukaa akiishika ile waya, na wageni wakaanza upya, mmoja dengu, mwingine wazazi, mwingine nyasi. Nilikuwa kwenye meza yangu na mzigo wa katoni kutoka shule fulani ya Malakisi, wavulana kumi na wanane, nikikata. Ilinijia wazi kabisa, bila kunifurahisha, kwamba ninalo jibu la swali la mzee na hakuna aliyeketi mle ndani ambaye angeniuliza. Watu wengi si kitu. Watu wengi ni watu waliokaa. Kuna anayesimama langoni na anapewa karai, basi, na nchi nzima inaweza kupita hivyo, bila mtu mmoja mbaya. Hata mimi, ambaye mkasi ulikuwa mkononi mwangu, sikuwahi kusimama juu ya katoni yangu.

Wafula alirudi Desemba, mrefu zaidi na mwenye kuongea polepole, kama wanavyofanya waliotoka kutahiriwa. Bwana Gurdev alimwita nyuma, akazungumza naye kidogo. Alicheza Jumamosi ileile na kifundo cha mkono kilikuwa bado kipo, lakini timu ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na kusafiri, na miaka miwili baadaye umri ulikuwa umempita. Akawa mwalimu. Mimi niliondoka dukani nilipoolewa, na Bwana Gurdev akanipa zawadi ya seti ya vikombe. Kila nilipopita Kitale niliingia kumsalimu, akawa Mzee Gurdev, akaanza kusahau majina, lakini swali hakulisahau.

Sasa, pale kwenye zulia, Wafula alimega chapati na kuichovya, na akasema bila kunitazama, "Ile siku ya kwa khocha. Uliingia wakati kadi inasomwa."

Nikasema ndiyo.

"Na mama aliniambia ulitoka nyumbani habari ikianza." Alitafuna, akameza. Aliniambia alijua tangu ile Desemba, mzee alipomwambia barua ilichelewa. Hakuuliza. Alipoajiriwa Malakisi alikwenda njia ile siku moja kwa baiskeli, akiwa na saa. "Na baiskeli, dada, na mimi kijana. Sikukufikia."

Nilimwomba msamaha. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama ninamwomba anipe chumvi. Alisema hayo ya barua aliyamaliza zamani, kwamba siku ile aliitaka ile nyama kuliko ndege, na Desemba akataka ndege, na mtu hawezi kumkasirikia mwingine kwa hayo maisha yote. Nikamuuliza mbona basi hakusema miaka yote hii. Alisema alikuwa akingoja niseme mimi.

"Lakini nilimwambia mzee," akasema. "Mwaka jana, alipolazwa. Niliona asiondoke hajui."

Niliweka chapati chini. "Akasema nini?"

"Alifumba macho, nikadhani amelala. Halafu akauliza kama ulikuwa na viatu. Nikamwambia ulikuwa miguu mitupu. Halafu akauliza unavaa namba gani."

"Ukamwambia?"

"Ningejua wapi?" alisema Wafula. "Alisema niulize, nimletee. Sikuuliza. Niliona ni mambo ya ugonjwa."

Kijana wa ndoo alikuwa amefika mbele yetu tena, upawa juu, akingoja. Niliinyoosha miguu yangu juu ya zulia, yote miwili, nikaitazama.

"Saba," nikamwambia Wafula. "Nyembamba."